Mbegu, Kinu na Mkulima: Historia ya Kuhifadhi na Kutumia Anuwai ya Kijenetiki ya Pamba katika Musoma, Bunda na Butiama

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya mbegu ya pamba katika maeneo ya Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, tangu pamba ya biashara ilipoingia ukanda wa Ziwa Viktoria hadi zama za soko huria. Hoja yake kuu ni kwamba anuwai ya kijenetiki ya zao hili haikuwahi kukaa mikononi mwa mkulima wa Mara. Ilihifadhiwa katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ikapitishwa katika kinu cha kuchambua pamba, kisha ikamfikia mkulima ikiwa aina moja tu kwa wakati mmoja. Mfumo huo ulipolegea baada ya mwaka 1994, mkulima hakupata anuwai bali alipata mchanganyiko, na vitu hivyo viwili havilingani. Insha inahitimisha kwamba suala la kuhifadhi nasaba za pamba haliwezi kutenganishwa na suala la nani anayetawala njia ya mbegu kutoka kituoni hadi shambani.

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi ya historia kuhusu pamba ya Kanda ya Ziwa yamejikita katika bei, ushirika na siasa za ukombozi. Mkazo huo una sababu zake. Chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa kilichoundwa mwaka 1952 chini ya uongozi wa Paul Bomani, na Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Viktoria uliofuata mwaka 1955, vilikuwa miongoni mwa mihimili ya harakati za uhuru wa Tanganyika. Hata hivyo, mkazo huo umeiacha nyuma mbegu yenyewe. Msomaji wa historia hizo huelezwa ni nani aliyenunua pamba na kwa bei gani, lakini mara chache huelezwa ni pamba ya aina ipi, ilitoka wapi, na kwa nini aina hiyo ilichukua nafasi ya nyingine.

Pengo hilo lina uzito. Pamba ni zao ambalo mbegu yake haibaki nyumbani. Mkulima wa Ikizu au wa Majita alipovuna mtama na ulezi, aliweza kuchagua masuke bora, akayahifadhi juu ya moshi wa jiko, akayapanda msimu uliofuata. Kwa njia hiyo kila kaya ilikuwa ghala dogo la nasaba, na uchaguzi wa mbegu, ambao mara nyingi ulifanywa na wanawake, ulikuwa elimu iliyorithishwa. Pamba ilivunja desturi hiyo. Nyuzi zimeshikamana na mbegu, na bila mashine haziachani kwa wingi wa kufaa biashara. Mkulima aliuza vyote viwili kwa pamoja, yaani pamba mbegu, kisha akangoja arudishiwe mbegu na mwenye kinu. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, swali la anuwai ya kijenetiki ya pamba katika Mara lilikuwa pia swali la mamlaka.

Insha imegawanyika katika sehemu zinazofuata mkondo wa mbegu: nasaba za pamba duniani, kuingia kwake ukanda wa ziwa, kazi ya Ukiriguru, nafasi ya kinu, mabadiliko ya soko huria, na hatimaye akiba ya nasaba pamoja na sheria zinazoihusu.

2.0 Pamba na Nasaba Zake

Jenasi ya pamba, Gossypium, ina spishi zipatazo 50, lakini ni nne tu zilizofugwa na binadamu kwa ajili ya nyuzi. Mbili ni za Ulimwengu wa Kale: Gossypium herbaceum na Gossypium arboreum, zenye kromosomu 26. Mbili ni za Amerika: Gossypium hirsutum na Gossypium barbadense, zenye kromosomu 52. Leo sehemu kubwa mno ya pamba ya dunia, zaidi ya asilimia 90, ni Gossypium hirsutum, na pamba yote ya biashara ya Kanda ya Ziwa ni ya spishi hiyo.

Ufumaji wa pamba katika Afrika ya Mashariki ni wa kale kuliko ukoloni. Vigurudumu vya kusokotea uzi vimefukuliwa katika magofu ya Kilwa, na Wafipa wa Rukwa walijulikana kwa kufuma nguo za pamba yao wenyewe. Pamba ya biashara haikujengwa juu ya misingi hiyo. Ililetwa ikiwa mbegu ngeni, ya spishi ngeni, kwa ajili ya viwanda vya Ulaya. Jambo hili ni la msingi katika kuelewa ufinyu wa nasaba zake. Zao linapohamishwa kutoka kwao, huhama kwa magunia machache, na magunia machache hubeba sehemu ndogo tu ya utajiri wa jeni uliobaki nyuma.

Mfano wa wazi zaidi wa ufinyu wa aina hiyo ni zao jingine la nyuzi nchini Tanzania, yaani mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi vya mkonge kutoka Florida, na inafahamika kwamba vilivyosalia hai na kupandwa vilikuwa 62 tu. Tasnia nzima ya mkonge wa Tanganyika iliota kutokana na mimea hiyo michache. Kwa kuwa mkonge huzalishwa kwa vichipukizi na si kwa mbegu, mamilioni ya mimea iliyofuata yalikuwa kama kivuli cha ile 62. Pamba ilikuwa na bahati kuliko mkonge, kwa sababu huzaliana kwa mbegu, na mbegu ziliingia zaidi ya mara moja na kutoka pande mbalimbali. Hata hivyo, tofauti hiyo ni ya kiwango tu. Mazao yote mawili yaliingia yakiwa yamekatwa kutoka katika shina la anuwai yao.

3.0 Kuingia kwa Mbegu katika Ukanda wa Ziwa

Utawala wa Wajerumani ulihimiza pamba katika sehemu nyingi za koloni. Kusini-mashariki, mashamba ya pamba ya kulazimishwa yalikuwa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Katika ukanda wa ziwa, kilimo hicho kilichukua sura ya mashamba madogo ya wakulima wenyewe zaidi kuliko ile ya mashamba ya walowezi, na sura hiyo ndiyo iliyodumu. Upande wa pili wa ziwa, nchini Uganda, mbegu za pamba ziligawiwa kuanzia mwaka 1903, na katika miongo iliyofuata watafiti wa huko walichagua jamii mbili zilizopata sifa kubwa: B.P.52 ya Bukalasa na S.47 ya Serere. B.P.52 yenyewe ilitokana na pamba ya Nyasaland, ambayo nayo ilikuwa na asili ya Amerika.

Safari hiyo ya mbegu, kutoka Amerika hadi Nyasaland, kutoka Nyasaland hadi Uganda, inaonesha kwamba mipaka ya makoloni haikuwa mipaka ya jeni. Kila kituo kilichagua katika kile kilichokipokea, na uchaguzi huo, pamoja na mvua, udongo na wadudu wa mahali, ulizaa jamii zilizotofautiana na mama zao. Kwa maana hiyo, Afrika ya Mashariki haikuwa mpokeaji tu wa anuwai, bali pia ilizalisha anuwai mpya.

Kwa eneo la Musoma, jiografia ilikuwa na neno lake. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 lakini haikufika Musoma, hivyo pamba ya upande wa mashariki ya ziwa ilitegemea meli na barabara za vumbi. Vinu vilijengwa karibu na wakulima na karibu na maji, Mugango, Kibara na Ushashi vikiwa miongoni mwa vilivyojulikana zaidi. Umbali huo kutoka Mwanza uliifanya Mara kuwa pembezo ya eneo la pamba, na kila jambo lililobuniwa katikati lilifika pembezoni likiwa limechelewa au limepungua.

4.0 Ukiriguru: Anuwai Kituoni, Usawa Shambani

Kituo cha Ukiriguru, kusini mwa mji wa Mwanza, kilianza kazi katika miaka ya 1930. Uzalishaji wa aina mpya za pamba kwa utaratibu wa kisayansi ulishika kasi kuanzia msimu wa 1939/40, kwa ushirikiano na Shirika la Kukuza Pamba la Himaya ya Uingereza, lililoundwa mwaka 1921. Watafiti J. E. Peat na K. J. Brown walisimamia kazi hiyo kwa karibu miongo miwili. Aina zilizotoka kituoni hapo zilipewa herufi UK, kifupi cha Ukiriguru, zikifuatwa na namba ya mwaka, na utaratibu huo wa majina umeendelea katika UK77, UK82, UK91 na UK08.

Tatizo la kwanza lililokikabili kituo lilikuwa mdudu mdogo aitwaye jasidi, afyonzaye utomvu wa majani hadi yakageuka mekundu na kukauka. Dawa yake haikupatikana katika chupa bali katika vinyweleo. Huko Barberton, Afrika Kusini, F. R. Parnell na wenzake walionesha kwamba pamba yenye majani ya vinyweleo virefu na vingi haishambuliwi sana na jasidi. Jamii waliyoichagua, U4, ilisambaa katika programu nyingi za uzalishaji barani Afrika, na Ukiriguru ilinufaika nayo. Bila jeni za vinyweleo, kilimo cha pamba bila dawa katika Kanda ya Ziwa kingekuwa kigumu mno.

Hata hivyo, kila jeni ina gharama yake. Jani lenye vinyweleo huwapa baadhi ya wadudu wengine, kama vile nzi weupe na nondo wa funza wa vitumba, mahali pazuri pa kutagia mayai, na vipande vyake vikikauka hung'ang'ania nyuzi na kushusha daraja la pamba. Mtafiti hatafuti mmea usio na kasoro. Anapima kasoro ipi inavumilika mahali fulani na kwa wakati fulani. Ndiyo maana anahitaji akiba pana: kasoro inayovumilika leo huenda isivumilike kesho.

Tatizo la pili lilikuwa ugonjwa wa madoa ya bakteria. Nchini Sudan, R. L. Knight alizitambua jeni za ukinzani dhidi yake, baadhi zikiwa zimetoka katika pamba ya Uganda, akazihamishia katika pamba ya asili ya Misri iliyolimwa kule. Pamba ya Albar, iliyochaguliwa kutoka jamii ya Allen kwa ajili ya ukinzani huohuo, ilikuja kuwa chimbuko la aina kadhaa zilizolimwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Tatizo la tatu, mnyauko wa fuzari, lilijitokeza katika Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1950. Ukungu wake huishi udongoni kwa muda mrefu, huingia mizizini, hasa pale ambapo minyoo fundo imekwisha kuijeruhi, na huweza kusafiri pamoja na mbegu. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyoifanya njia ya mbegu kuwa pia njia ya ugonjwa.

Hapa ndipo penye mvutano unaostahili kuzingatiwa. Kazi ya kituo ilihitaji anuwai pana: jamii za Uganda, Nyasaland, Afrika Kusini, Sudan na Amerika zilikutana katika vitalu vya Ukiriguru. Lakini matokeo ya kazi hiyo yalikuwa aina moja iliyosambazwa katika eneo kubwa. Wakosoaji wa sera za kilimo za kikoloni wameuona usawa huo kama chombo cha udhibiti, na hawakukosea kabisa, kwani sheria ilimkataza mkulima kupanda mbegu nyingine, ikamlazimu pia kung'oa na kuchoma mabua kila mwisho wa msimu. Hata hivyo, hoja hiyo haijitoshelezi. Mnunuzi wa nyuzi hulipia ulinganifu wa urefu na uimara wa nyuzi, na pamba ya nasaba nyingi katika robota moja hupoteza thamani. Aidha, kung'oa mabua kulikata mzunguko wa wadudu ambao mkulima mmoja peke yake hangeweza kuukata. Udhibiti na manufaa viliingia kwa mlango mmoja.

5.0 Kinu kama Lango la Nasaba

Uwezo wa kituo kubadili mbegu ya eneo zima unaweza kueleweka kwa mfano wa hesabu. Chukua ekari moja inayotoa kilo 300 za pamba mbegu. Karibu theluthi moja ya uzito huo ni nyuzi, na baada ya kutoa upotevu hubaki kilo 190 hivi za mbegu. Ikiwa ekari moja huhitaji kilo 10 za mbegu yenye manyoya, basi mavuno ya ekari moja yanatosha kupanda ekari 19. Msimu wa pili ni ekari 361, wa tatu ni 6,859, na wa nne ni 130,321. Kwa hesabu hiyo, aina mpya iliyopandwa katika shamba dogo lililotengwa inaweza kuenea katika maelfu ya vijiji kabla mtoto aliyezaliwa mwaka huo hajaanza shule.

Hesabu hiyo hufanikiwa kwa sharti moja: kinu kichambue pamba ya aina moja peke yake, kisha mbegu yake ipelekwe panapostahili. Ndiyo sababu eneo la pamba lilipangwa kwa kanda za mbegu, kila kinu kikihudumia eneo lake, na aina mpya ikisukumwa kutoka kanda hadi kanda kama wimbi huku ile ya zamani ikiondolewa nyuma yake. Mwenye kinu hakuwa mchambuzi wa nyuzi tu. Bila kujua, au kwa kujua, alikuwa mlinda lango wa nasaba.

Kwa wakulima wa Musoma na Bunda, lango hilo lilibadilisha wenyewe mara kadhaa. Lilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia, kisha la vyama vya ushirika vilivyojipatia vinu vyao kuanzia miaka ya 1950. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi yao ikachukuliwa na Mamlaka ya Pamba. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Mara kikaanza upya mwaka 1984. Katika mabadiliko hayo yote, jambo moja halikubadilika: msimu mmoja, kanda moja, mbegu moja. Mkulima aliipokea bure au kwa bei ndogo, kwa kuwa mbegu ilihesabiwa kuwa masalia ya uchambuaji. Ile isiyopandwa ilikamuliwa mafuta, na mashudu yake yakawa chakula cha mifugo.

Neno hilo "masalia" limebeba historia nzima. Kilichokuwa matokeo ya miaka mingi ya uchaguzi na uchavushaji wa mkono kilimfikia mkulima kikiwa kimevikwa sura ya takataka ya kiwanda. Hakuna aliyelipia jeni, hivyo hakuna aliyejenga mazoea ya kuzilinda isipokuwa kwa amri. Amri ilipoondoka, ulinzi nao uliondoka.

6.0 Soko Huria: Mchanganyiko Usio Anuwai

Kuanzia msimu wa 1994/95 ukiritimba wa ushirika katika ununuzi na uchambuaji wa pamba ulikoma. Wafanyabiashara binafsi waliingia, vinu vipya vikajengwa, na kwa muda mkulima alilipwa fedha taslimu kwa haraka kuliko alivyozoea. Faida hiyo haipaswi kubezwa, kwani kucheleweshewa malipo kulikuwa kumewachosha wengi. Lakini ushindani uleule uliomletea mkulima fedha uliwafanya wanunuzi wakimbilie pamba popote ilipo. Pamba ya kanda moja ilisafirishwa kuchambuliwa katika kanda nyingine, pamba safi na pamba fifi zikatiwa gunia moja, na mfumo wa kanda za mbegu ukavunjika. Tafiti za uchumi wa pamba zilizofanywa baada ya mageuzi hayo zinakubaliana katika mambo mawili: aina za mbegu zilichanganyika, na karantini ya mnyauko wa fuzari ililegea.

Ni rahisi kudhani kwamba mbegu zilizochanganyika ni anuwai iliyorejea, kana kwamba soko lilimrudishia mkulima kile ambacho amri ilimnyima. Dhana hiyo haina msingi. Anuwai ya kijenetiki ni akiba iliyotambuliwa: kila jamii inajulikana, ina jina, ina sifa zilizopimwa, na inaweza kuitwa pale inapohitajika. Mchanganyiko ni upotevu wa utambuzi huo. Kinu kilichoruhusu asilimia 5 tu ya mbegu ngeni kuingia kila msimu kingebaki na asilimia 60 hivi ya aina ya awali baada ya misimu 10. Isitoshe, pamba hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, lakini nyuki hubeba chavua kutoka ua hadi ua, na hivyo mchanganyiko wa gunia huwa baadaye mchanganyiko wa damu. Mmea wenye ukinzani husimama kando ya usio nao, na ule usio nao huutunza ugonjwa udongoni kwa ajili ya wote.

Serikali ilijibu kwa hatua kadhaa. Mfuko wa maendeleo ya zao ulianzishwa, Bodi ya Pamba Tanzania ikaundwa kwa Sheria ya mwaka 2001, na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ikaiweka Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu katika nafasi ya msimamizi. Katika muongo uliofuata juhudi zilielekezwa kwenye mbegu ya UK91 iliyoondolewa manyoya, ambayo ingeuzwa na kampuni ya mbegu kama bidhaa yenye jina na cheti. Hapo mbegu ilianza kutoka katika hali ya masalia na kuwa bidhaa. Mabadiliko hayo yana mantiki, lakini yana gharama pia: mkulima mwenye ekari mbili katika kijiji cha Butiama, aliyezoea kupewa mbegu kwa mkopo au bure, sasa anatakiwa kulipia kitu ambacho thamani yake haionekani kwa macho hadi msimu uishe.

Uzalishaji wa taifa katika kipindi hiki unaonesha jinsi tatizo lilivyoweza kufichika. Msimu wa 2005/06 ulivunja rekodi kwa takriban tani 376,000 za pamba mbegu. Ongezeko la namna hiyo hutokana na mvua, bei na upana wa eneo lililolimwa. Halithibitishi kwamba mbegu ni nzima. Zao linaweza kupanuka huku msingi wake wa kijenetiki ukichakaa, kama nyumba inayoongezwa vyumba huku nguzo zake zikiliwa na mchwa.

7.0 Akiba ya Nasaba na Sheria Zake

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Kwa mbegu, methali hiyo inahitaji masharti. Mbegu ya pamba huvumilia kukaushwa na kuwekwa mahali pa baridi kwa miaka mingi, lakini haivumilii kusahauliwa. Kila baada ya muda lazima iotesshwe upya, maua yafungwe ili chavua ngeni isiingie, vitumba vivunwe mmoja mmoja na kuandikwa. Kwa hiyo, akiba ya nasaba ni kazi ya kila mwaka inayohitaji umeme, maji, vibarua na daftari. Bajeti ikikatika misimu michache, jamii iliyochukua miongo kupatikana hupotea bila kelele.

Tanzania ina taasisi za kubeba kazi hiyo. Kituo cha Taifa cha Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kilianzishwa Arusha mwaka 1991, kikiwa sehemu ya mtandao wa nchi za SADC. Ukiriguru, ambayo sasa iko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, imeendelea kuwa makao ya uzalishaji wa aina za pamba. Mkoani Mara kwenyewe, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kimewekwa Butiama, jambo linalofungua uwezekano wa majaribio ya aina kufanyika katika udongo na mvua za mkoa badala ya kutegemea matokeo ya Mwanza peke yake.

Upande wa sheria za kimataifa, pamba ina hali ya pekee. Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004, uliweka mfumo wa pamoja wa kubadilishana nasaba kwa mazao 64 ya chakula na malisho. Pamba haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo, mtafiti wa Ukiriguru anayehitaji jamii iliyohifadhiwa ng'ambo, au mtafiti wa ng'ambo anayehitaji jamii ya Ukiriguru, hupatana na mwenzake kwa makubaliano ya pande mbili. Mzunguko ule huru wa mbegu ulioijenga pamba ya Kanda ya Ziwa katika karne ya 20 haupo tena kwa sura ileile.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika kisa cha Gossypium longicalyx. Spishi hii ya mwituni ya Afrika ya Mashariki ilielezwa kisayansi mwaka 1958 na J. B. Hutchinson na B. J. S. Lee kutokana na mimea ya Tanganyika ya kati. Haina nyuzi za kusokota, na kwa mkulima ni gugu tu. Lakini watafiti wa Marekani waligundua kwamba inakinza kwa kiwango cha juu sana minyoo fulani ya mizizi inayosumbua pamba ya kusini mwa nchi yao. Kwa kupitia mahuluti ya spishi tatu, ukinzani huo ulihamishiwa katika pamba ya kawaida, na mwaka 2007 zikatolewa jamii mbili zilizoitwa LONREN-1 na LONREN-2. Kazi haikuishia hapo, kwa kuwa jamii hizo zilidumaa zilipopandwa katika mashamba yenye minyoo mingi, na utafiti ukalazimika kuendelea. Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, gugu la leo linaweza kuwa dawa ya kesho, na hakuna ajuaye kabla. La pili, anayenufaika na anuwai si lazima awe yule anayeishi nayo, bali ni yule mwenye maabara, vitalu na subira ya kulipia miaka mingi ya uchavushaji.

8.0 Hitimisho

Historia iliyochunguzwa inaonesha vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza, mbegu nyingi ziliingia bila mpango. Katika kipindi cha pili, anuwai ilikusanywa kituoni na usawa ukasimamiwa shambani kwa njia ya kinu, kanda na amri. Katika kipindi cha tatu, usimamizi ulilegea kabla njia nyingine ya kulinda mbegu haijajengwa, na mchanganyiko ukachukua nafasi ya usawa bila kuleta anuwai.

Matokeo haya yanapinga misimamo miwili iliyozoeleka. Wa kwanza unaona mfumo wa zamani kuwa udhibiti mtupu. Msimamo huu unasahau kwamba kanda za mbegu ziliwalinda wakulima wa pembezoni, kama wale wa Bunda na Musoma, dhidi ya ugonjwa ambao hawangeweza kuuzuia mmoja mmoja. Wa pili unautamani mfumo huo urudi kama ulivyokuwa. Huu nao unasahau kwamba mfumo uliotegemea amri ulimwacha mkulima bila elimu ya mbegu yake, hivyo amri ilipoondoka hakuwa na cha kusimamia.

Kwa hiyo, uhifadhi wa nasaba za pamba unahitaji kutazamwa kama mnyororo wenye pete tatu. Pete ya kwanza ni akiba, ambayo haina budi kuoteshwa upya kila wakati wake. Pete ya pili ni njia ya mbegu, yaani kinu, kampuni au chama cha msingi, ambayo lazima itenganishe aina na kuwajibika kwa usafi wake. Pete ya tatu ni mkulima, ambaye kwa zaidi ya karne moja amekuwa mpokeaji tu. Majaribio ya aina yanayofanyika katika mashamba ya Mara, yakiwashirikisha wakulima katika kupima ukame, wadudu na uzito wa vitumba, yangemrudishia sehemu ya elimu ile aliyokuwa nayo, na ambayo bado anayo, juu ya mtama na ulezi. Pete mojawapo ikikatika, zile mbili zilizobaki hazivuti kitu.